Tupeane uzoefu: siku kadi ya mtandao ilipokugomea kwenye seva

Fundi_Waya:
Wakuu, salama? Nimefungua uzi huu nikiwa bado na usingizi wa jana. Nimekesha kwa kosa ambalo nilipaswa kuliona ndani ya dakika tano. Draiva ya kadi ya mtandao, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, ikikugomea kwenye seva, ulihangaika wapi, na kumbe tatizo lilikuwa nini? Wale wa "piga mfumo upya wote" naomba wapumzike kwanza.

Naanza mimi. Seva nzima kabisa, tukasasisha kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), tukaiwasha upya, haikurudi. Ping kimya, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mtandao) kimya. Pona yangu ilikuwa konsoli ya mbali, ambayo ina poti yake yenyewe. Nikaandika `ip link`, nikaletewa `lo` peke yake, ile ya mashine kujiongelea yenyewe, utadhani kuna mtu amechomoa kadi. Lakini `lspci -nnk` ikanionyesha kadi iko palepale, ila mstari wa `Kernel driver in use` chini yake haupo. Yaani kerneli inaiona kadi, lakini hakuna draiva iliyoishika.

Hapo ndipo nikakumbuka. Draiva ile haikuja na kerneli. Kuna mtu aliijenga kwa mkono mwaka juzi kwa `make install` (mtu huyo ni mimi), na moduli (faili la draiva) ikakaa ndani ya `/lib/modules` kwenye folda ya kerneli ya zamani. Kerneli mpya ina folda yake, habari za jirani haizijui. Nikarudi kwenye menyu ya GRUB inayotokea seva inapowaka, nikachagua kerneli ya zamani, mtandao ukaja. Kisha draiva nikaisajili kwenye DKMS ili ijengwe upya kila kerneli mpya inapoingia. Ila DKMS nayo inataka kifurushi cha `linux-headers` cha kerneli hiyohiyo; kisipokuwepo haijengi kitu, na ujumbe wake unapita katikati ya mistari mia ya usasishaji bila wewe kuuona. Siku hizi siwashi seva upya mpaka `dkms status` ionyeshe neno `installed` kwenye mstari wa kerneli mpya.

MzeeWaRaki:
Umeshangilia mapema, mkuu. Yangu DKMS ilijenga vizuri kabisa, `installed` nikaliona kwa macho yangu, halafu `modprobe` (amri ya kupakia moduli) ikanijibu `Required key not available`. Saa mbili nazunguka na ruhusa za faili, mara chmod, mara chown. Kumbe Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi inayoaminika) imewashwa kwenye seva, na moduli uliyoijenga mwenyewe haina sahihi ya ufunguo ambao mashine inauamini. Unauingiza kwa `mokutil --import`, unaweka nywila, unawasha upya, inakuja skrini ya buluu ya kuthibitisha. Skrini hiyo inakusubiri sekunde kumi tu, na inatokea kabla mfumo haujaamka, kwa hiyo SSH haikusaidii. Mara ya kwanza nilikuwa nimegeuka kuchukua simu.

BintiKonsoli:
Mimi draiva ilikuwepo, imeshika kadi, `ethtool -i` inaitaja kwa jina. Lakini poti imekufa. Kwenye `dmesg` (logi ya kerneli) kulikuwa na mstari unaosema imeshindwa kupakia fimweya, mwishoni kuna `-2`. Hiyo -2 maana yake faili halipo. Kadi nyingi za seva zina programu yao ndogo ambayo draiva huimimina ndani ya kadi kila inapowashwa, na faili lake hukaa `/lib/firmware`. Hiyo ilikuwa Linux ya Debian 11, ambayo kisakinishi chake cha kawaida hakikubeba fimweya zisizo huru. Watengenezaji wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023 zinakuja humohumo.

Basi nikaleta faili kwa flashi, nikaitoa moduli na kuirudisha, taa ya poti ikawaka kijani. Nikafurahi. Nikawasha upya ili nihakikishe, taa ikazima! Faili lipo, nimelifungua, ukubwa wake sahihi, lakini `dmesg` inasisitiza halipo. Hili ndilo lililonitesa kuliko yote. Kumbe draiva ilikuwa inapakiwa mapema kutoka kwenye initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia), kabla diski kuu haijafunguliwa, na ndani ya initramfs faili halikuwemo kweli. `update-initramfs -u`, mchezo ukaisha. `dmesg` haikuwa inadanganya, ni mimi nilikuwa naangalia chumba kingine.

Kimya_Kimya:
Yangu fupi. Nilichomeka kadi nyingine ya PCI, seva ikapoteza mtandao. Nikabadilisha draiva mara mbili bure. Jina lilikuwa limehama kutoka `enp3s0` kwenda `enp4s0`, kwa sababu namba ya basi la PCI imesogea, na faili la mipangilio bado linaita jina la zamani. Majina haya yaliletwa na systemd 197 mwaka 2013 ili tuondokane na vurugu za eth0 na eth1 kubadilishana, na kweli tuliondokana nazo, tukapata hizi. Sasa nafunga jina kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi yenyewe) kwenye faili la `.link`.

Nusu_Usiku:
Naomba msaada kabisa. Yangu inafanya kazi siku nzima, lakini nikianza kunakili chelezo kubwa usiku, kadi inaganda, logi inaandika `Detected Hardware Unit Hang`, inajirudisha, inaganda tena. Nimezima `tso` na `gso` kwa `ethtool -K`, imetulia. Je, nimetibu au nimefunika?

Fundi_Waya:
Umefunika, ila kwa sasa acha kifuniko. Ulichofanya ni kuinyang'anya kadi kazi ya kukata data vipande na kumpa prosesa, ndiyo maana utaona prosesa imepanda kidogo. Jaribu kerneli mpya zaidi na fimweya mpya ya kadi, kisha angalia kama usimamizi wa umeme wa PCI, ASPM, umewashwa kwenye BIOS, uzime. Badilisha kimoja kimoja, la sivyo hutajua kipi kimekuponya. Na kabla ya yote, `ethtool -S`, tazama vihesabio vya CRC (data iliyoharibika njiani). Niliwahi kubadilisha draiva mara tatu kwenye seva moja huku `rx_crc_errors` inapanda mbele ya macho yangu. Waya ulikuwa umebanwa na mlango wa raki, una alama ya bawaba kabisa.

Nusu_Usiku:
CRC ni sifuri. ASPM imewashwa. Naizima leo usiku, nitaleta mrejesho.

MzeeWaRaki:
Unafanyia hiyo kazi mbali au uko mbele ya mashine? Kama uko mbali, sikiliza. Nilishawahi kuandika `modprobe -r` kwa SSH, nikaitoa draiva ya kadi ileile niliyokuwa nimeingilia. Nikabaki nasubiri niandike amri ya kuirudisha. Nilipozinduka nikachukua funguo, nikaenda. Siku hizi kutoa na kurudisha naziandika kwenye mstari mmoja, na kabla ya kugusa chochote naweka `shutdown -r +10`. Mambo yakienda vizuri, `shutdown -c`. Yakiharibika, yenyewe itajiwasha baada ya dakika kumi na mipangilio ya zamani, ilimradi hujahifadhi ile mipya.

BintiKonsoli:
Na ukisahau hiyo `shutdown -c`?

MzeeWaRaki:
Nilisahau mara moja. Saa nne asubuhi, watu wote wako kazini.