Tupeane uzoefu: Macbeth wako ulimkuta wapi?

Mwana Isevya
Wakuu, habari za usiku. Jana umeme umekatika hapa Tabora, mpwa wangu wa kidato cha sita kakaa na tochi ya simu anasoma Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwa sauti. Kafika pale Macbeth mwenyewe anamchoma visu mfalme Duncan aliyelala nyumbani kwake. Mgeni wako! Umempa chakula, umempa kitanda, usiku unamuua, halafu walinzi wake wanapakwa damu ili asubuhi wasingiziwe. Nikamkumbuka mwenyekiti wa saccos yetu... basi, niishie hapo nisije nikashitakiwa. Nani aliwahi kukutana na mtu aliyeharibu kila kitu kwa ajili ya cheo? Kazini, kwenye timu, mtaani, popote.

Binti Mwanga
Kwaya. Sina la kuongeza.

Mzee wa Reli
Kwaya, naunga mkono. Sisi sare tulishona mara mbili mwaka mmoja kwa sababu ya uenyekiti.

Kibirizi Kwetu
Hicho kitabu si Nyerere alikitafsiri akiwa anasoma huko huko kwenu Tabora?

Mwalimu Mstaafu
Hapana mwanangu. Nyerere alitafsiri Julius Caesar, 1963, na Mabepari wa Venisi, 1969. Macbeth alitafsiri S. S. Mushi, 1968, akaiandika Makbeth. Tabora kusoma alisoma kweli, ila usichanganye.

Kibirizi Kwetu
Shikamoo mwalimu. Naomba nisichapwe.

Jina Nimeficha
Nimesita siku mbili kuandika. Wote mnasema "nilimkuta". Mimi sikumkuta, nilikuwa ndiye.

2007, kidato cha tano, shule ya bweni hapo Tabora, siitaji. Mwalimu wa fasihi katupanga kuigiza Macbeth mwisho wa muhula. Mimi Macbeth. Rafiki yangu wa kitanda cha juu, mtoto wa Ujiji, akawa Banquo, yule rafiki ambaye Macbeth anaagiza auawe. Damu tulitengeneza kwa mawese aliyotumiwa na mama yake kwa treni, kidumu cha lita tano, tukachanganya na rangi nyekundu ya chakula. Usiku wa Tabora wakati wa kipupwe mnaujua, mawese yanaganda kama samli. Kila mazoezi tunaanza kwa kuyapasha jikoni kwa mpishi.

Wiki hizo hizo kuna uchaguzi wa kaka mkuu na tumebaki wawili, mimi na yeye. Yeye wala hakuutaka sana, na hicho ndicho kilichoniuma. Watu walimpenda bure. Mimi kila usiku nahesabu kura kwenye daftari la hesabu, na kila usiku zinapungua. Nikatafuta simu, wakati huo ukikutwa nayo umekwisha, nikaisokomeza ndani ya soksi chini kabisa ya tranka lake, nikapenyeza kikaratasi mlangoni kwa mlezi wa bweni.

Msako ukaja saa kumi alfajiri. Aliitazama ile simu, akanitazama mimi. Hakusema neno. Akarudishwa nyumbani wiki tatu, na hakurudi tena. Nasikia baba yake alisema ada imetosha.

Nikashinda. Ukaka mkuu wenyewe ulikuwa chumba cha peke yangu, ufunguo wa stoo ya majembe, na nyama vipande vitatu siku ya wali. Na dogo mmoja wa kidato cha pili aliyeniona natoka bwenini mchana ule. Hakuwahi kusema, ila nikimwona tu tumbo linanivuruga. Nikawa namwandama: leo ang'oe kisiki, kesho asafishe vyoo, keshokutwa kisiki kingine, mpaka akahama shule. Pale Macbeth anaposema ameshazama kwenye damu kiasi kwamba kurudi ni kazi ile ile na kuvuka, mimi swali lake nilijibu kwenye mtihani nikapata alama zote.

Ila nilikuja kusema habari ya kiti. Siku ya mchezo Banquo hayupo. Mwalimu akasema hakuna haja ya kutafuta mwingine, kwenye karamu ule mzimu anauona Macbeth peke yake, kiti kiachwe kitupu, wewe kikodolee tu. Kiti cha darasani, mguu mmoja umefungwa waya. Nikakikodolea. Maneno yote yakaniruka. Nikaanza kutetemeka, jasho, nikaita jina. Si Banquo. Jina lake. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi na mgeni rasmi akanitunza elfu kumi.

Usiku nikaenda bombani kunawa. Mawese hayatoki kwa maji baridi. Kidumu chake kilikuwa kimebaki chini ya kitanda, tulikitumia hivyo hivyo.

Binti Mwanga
Kiti. Mungu wangu.

Bwana Tumbaku
Chai. Tena ya tangawizi. Mgeni rasmi gani wa 2007 anatoa elfu kumi kwa mwanafunzi?

Mzee wa Reli
Mawese kwenye treni ni kweli. Nimefanya kazi reli, behewa la mizigo lilikuwa linanuka mawese na dagaa mpaka Dodoma. Mengine sijui.

Mama Wawili
Mbona Lady Macbeth hamumtaji? Mume alishaghairi, mke ndiye akamkejeli kwamba si mwanamume.

Binti Mwanga
Nilijua mtafika tu kwa mwanamke. Haya, kwa Duncan alimsukuma. Banquo je? Mume kapanga wauaji mwenyewe, akamwambia mkewe atulie asijue kitu. Mke na watoto wa Macduff, adui wa Macbeth, je? Lady Macbeth wakati huo anatembea usingizini anasugua mikono. Amekufa, mume bado anajidai hauawi na aliyezaliwa na mwanamke.

Mama Wawili
Lakini aliyeanza nani?

Binti Mwanga
Barua ya habari za wale wachawi waliomtabiria ufalme aliiandika nani kumpelekea mkewe?

Bwana Tumbaku
Aliyemmaliza ni Macduff, mtoto wa operesheni. Mganga akikupa kinga soma na maandishi madogo.

Mwalimu Mstaafu
Macbeth wa historia hakumuua Duncan kitandani. Duncan alifia vitani 1040, na Macbeth akaitawala Uskoti miaka 17. Na katika kitabu cha Holinshed, mwandishi wa historia, alikochota Shakespeare, Banquo alikuwemo kwenye njama. Ila mchezo uliandikwa chini ya mfalme James, na James alidai ukoo wake unatoka kwa Banquo. Basi Banquo akasafishwa.

Mwana Isevya
Saccos yetu nayo taarifa ya mwaka inaandikwa hivyo hivyo.

Kibirizi Kwetu
Jina Nimeficha, mtafute ndugu yangu. Panda treni, shuka Kigoma, chukua gari ya Ujiji, ulizia. Ujiji mtu hapotei.

Bwana Tumbaku
Asimtafute! Mtu ana familia, ana mambo yake, leo unamfukulia kaburi ili wewe ndiye ulale vizuri?

Kibirizi Kwetu
Si ulisema chai? Sasa unashauri nini?

Mzee wa Reli
Akienda abebe mbuzi. Mikono mitupu hapana.

Mama Wawili
Na dogo wa visiki? Wote mnalilia Banquo, yule mtoto hakuna anayemuuliza.

Jina Nimeficha
Dogo nilimpata Facebook mwaka jana. Nilimwandikia "mambo", akajibu hapo hapo: "Shikamoo kaka mkuu." Nikazima simu. Mpaka leo sijamjibu.

Mgebuka Mkavu
Wakuu, samahani natoka nje ya mada. Dumu la mawese la lita 20 Kigoma sasa hivi linakwendaje?

Kibirizi Kwetu
Njoo pembeni.