Tupeane uzoefu: Bakapu ya nyongeza kwenye CD na DVD

Msumari: Wakuu, DVD ya GB 4.7 kompyuta huihesabu kama 4.37, na faili moja la zaidi ya GB 4 husumbua kwenye ISO 9660, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Kata kwa `split -b 2000M`, weka vipande viwili kwa diski, kisha `par2 create -r10`, inayotengeneza data ya ziada ya kuokolea. Faili za par2 zitakula MB 400 hivi, na diski ikichubuka kidogo bado data inarudi.

Nyundo_Tar: Bakapu kamili kwa tar, programu inayofungasha mafaili kuwa faili moja: `tar -g kamili.snar -cf kamili.tar Nyaraka`. Ukirudia na jina jipya la tar, huchukua yaliyobadilika tu (hiyo ndiyo nyongeza), maana .snar ndiyo kumbukumbu yake. Ichome nayo, ikipotea, tar itabeba kila kitu upya. Faili la tar msilibane kwa gzip: doa moja katikati, na yanayofuata kwa kawaida hayafunguki.

Kurejesha: kamili kwanza, halafu nyongeza kwa mpangilio, kila moja na `-g /dev/null`. Fungulia kwenye folda tupu! Kwa `-g` tar hufuta mafaili yaliyomo ambayo hayakuwepo siku bakapu ilipochukuliwa.

Kinanda: Wa CD msisahau gharama ya sesheni, yaani kila awamu ya kuchoma. Kufunga ya kwanza hula MB 22 hivi, zinazofuata 13 kila moja. Kuchoma MB 2 kila jioni ni kutupa diski, subirini mzigo ukusanyike. Na programu lazima isome sesheni iliyotangulia, la sivyo mafaili ya zamani hayataonekana ingawa bado yamo. Kwenye growisofs, programu ya kuchoma DVD, `-Z` ni ya kuanza, `-M` ya kuongeza. Ukichanganya kwenye DVD+RW, kwaheri data.

Msumari: @Nyundo_Tar, mnyororo mrefu mimi siuungi mkono. Ukiwa na nyongeza saba na ya tatu ikagoma, kilichobadilika humo tu kimekwenda. Afadhali `cp kamili.snar leo.snar`, kisha tar itumie leo.snar: inabeba yote yaliyobadilika tangu bakapu kamili, na kurejesha kunahitaji seti mbili tu. Ikizidi nusu ya DVD, choma kamili mpya.

Nyundo_Tar: Sawa, kwa data inayobadilika taratibu. Picha na video zinazoongezeka kila wiki zitakujazia diski mapema mno.

Kinanda: Kabla ya `sha256sum -c`, inayohakiki kama mafaili hayajaharibika, toa diski uirudishe, usije ukapima kilichobaki kwenye RAM. Kwenye CD andika kwa kalamu laini tu. Tabaka la data liko chini kidogo ya upande wa lebo.