Viti vya "Wegner" vya kutengenezesha Keko: kipi halali, kipi kitavunjika?

Mgahawa_Mbezi

Wakuu, habari za leo. Nahitaji viti 8 vya kulia chakula kwa mgahawa mdogo Mbezi Beach, mtindo wa kile kiti cha Hans Wegner, mbunifu wa samani wa Denmark, chenye mgongo wa Y na kikalio cha kamba. Cha Denmark chenyewe siwezi, bei ya kimoja inanipa meza na viti vyote. Fundi wa Keko ameangalia picha kwenye simu, anasema anatoa vyote kwa wiki mbili, mninga au msaji nichague mwenyewe. Nimwamini? Mbao ipi? Na je, huu si wizi? Nilitaka kuvitangaza Instagram kama "viti vya Wegner".

Randa_Patasi

Mkuu, wiki mbili si tatizo. Tatizo ni ule mgongo.

Kwenye kiti halisi, upinde unaozunguka mgongo na mikono ni mti mmoja uliopindwa kwa mvuke. Fundi mwenye picha tu atachukua ubao mpana, achore nusu duara, akate, apige msasa. Siku ya kwanza vinafanana kabisa. Lakini nyuzi za mbao hazifuati ule upinde, zimekatwa mshazari pale begani, na hapo ndipo patakapoachia mteja mwenye mwili wake akiegemea.

Mwambie aunganishe vipande vyembamba: 8 vya milimita 3, unapata unene wa milimita 24. Atengeneze kalibu ya plaiwudi, apake gundi, abane klempu kila sentimita 10, aache saa 24. Kalibu ikunjwe zaidi kidogo ya unavyotaka, maana upinde ukifunguliwa hutanuka. Gundi nyeupe isitumike hapo, mbao ikivuta kutaka kunyooka, gundi ile hutambaa taratibu na tabaka zinateleza, tumia epoksi. Upinde wa mita moja na ushee unataka klempu 11 au 12. Kama anazo nne, achana na upinde kabisa, weka mgongo wa ubao ulionyooka, ulalie nyuma kidogo. Kitakuwa kiti kingine na kitadumu.

Miguu ya nyuma haipindwi, hukatwa kwenye ubao wa inchi 2 kwa 6. Maungio yawe ya ulimi na tundu, yaani ncha ya mti mmoja iliyochongwa inaingia kwenye tundu la mwingine: mguu wa milimita 35, ulimi unene 10 hadi 12, urefu usipungue 25. Ukiona msumari, au unga wa mbao umechanganywa na gundi kuziba pengo, kirudishe. Kikalio kiwe sentimita 45 kutoka chini.

Mbao: mninga hauchezi sana ukishakauka. Msaji ni mzuri ila una mafuta, ulimi ufutwe kwa thinna na gundi ipakwe ndani ya robo saa, la sivyo haishiki. Msaji mchanga wa mashambani una sehemu kubwa nyeupe pembeni. Hiyo nyeupe ikatwe yote, dumuzi wanaipenda. Ukavu usiupime kwa kidole. Kata kipande cha sentimita 30, kiweke kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili. Gramu zikiendelea kushuka, bado mbichi. Ukitengeneza hivyo hivyo halafu uweke kwenye chumba cha AC, ulimi unasinyaa na kiti kinaanza kulia.

Alama_na_Jina

Hapo kwenye Instagram ndipo penye kosa la wazi. Ukiandika "viti vya Wegner" na mteja akaamini, hiyo ni bidhaa bandia. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ipo, na FCC (Tume ya Ushindani) wanaitumia.

Umbo lina mjadala mrefu zaidi. Kiti kilichorwa 1949, kampuni ya Carl Hansen & Søn wakaanza kukitoa 1950, Wegner akafariki 2007. Ulaya hakimiliki ni maisha ya msanii na miaka 70 baada yake, hivyo hesabu inafika 2077. Uingereza walikuwa na mwanya, samani za kiwandani zilikuwa huru kunakiliwa baada ya miaka 25, wakauziba 2016, wauza nakala wakapewa hadi Januari 2017 kumaliza stoo. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na tumo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo "cha Denmark hakituhusu" si hoja.

Ila Wegner naye alianzia kwenye viti vya Kichina vya enzi ya Ming, wala hakuficha. Alibadilisha hadi kikawa chake. Ukibadili mgongo kama alivyosema Randa, tayari umesogea. Na pwani hatukosi pa kuanzia: kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar kinawambwa kamba kikalioni na mgongoni, na hakuna kampuni inayokidai.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mtu anamchoresha fundi mmoja, anapiga picha mchoro, anaupeleka kwa fundi wa bei ya chini. Yule fundi wa kwanza hana wakili Copenhagen. Mchoro ulipiwe peke yake hata kazi ukimpa mwingine. Na mninga usio na hati ya kusafirishia (TP) ya TFS, wakala wa misitu, usiununue, muuzaji halali anayo TP na risiti.

Mgahawa_Mbezi

Nimeelewa, jina natoa na mgongo utakuwa wa ubao. Kamba je? Ile ya karatasi sijaiona Kariakoo.

Mwamba_Kitanda

Kiti halisi kinakula kama mita 120 za kamba ya karatasi ya milimita 3. Ukitumia ya milimita 4, hesabu mita 90, ongeza 10 za kupotea. Nailoni usitumie, inateleza na kubonyea. Mkonge unafaa ila una manyoya yanayokwaruza nguo. Pitisha moto haraka juu yake, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Uwambwe mkavu. Ukiwambwa umelowa, ukikauka unalegea.

Mfumbati wa mbele, yaani mti wa fremu ya kikalio, ni mrefu kuliko wa nyuma, kwa hiyo jaza kwanza pembe mbili za mbele hadi nafasi iliyobaki ilingane na ya nyuma, ndipo uzunguke pembe zote nne. Fundi akisahau hilo, katikati panabaki tundu la kabari lisilozibika. Kingo za mifumbati ziviringwe kwa msasa, kona kali hukata kamba. Wamba kimoja, kikaliwe wiki nzima, ndipo uruhusu saba vingine.