Dogo hajawahi kumaliza kitabu: nimpe Bwana Msa, Siku Njema, Vuta n'kuvute au Peponi?

Mla_Kurasa
Wadau, habari za jioni, na shikamooni wakubwa. Mimi ni binti wa miaka 16, kidato cha tatu, nipo Tanga. Likizo hii ya Desemba anakuja binamu yangu, kijana wa miaka 14. Tangu azaliwe hajamaliza kitabu. Vya shule anapitia muhtasari wa mwenzake, basi. Ila nikianza kumsimulia hadithi yoyote, silali mpaka niimalize. Ugomvi wake ni na karatasi tu.

Shangazi, mama yake, kanipa hela ya kitabu kimoja. Vinne hivi nimevisoma mwenyewe, nimeshindwa kuchagua:

*Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Kuna maiti mzimuni, na kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Watu wanatajataja mizimu, yeye anawatazama watu. Kitabu cha mwaka 1960 lakini nilikimaliza kwa usiku mbili, wa pili kwa tochi ya simu.

*Siku Njema* cha Ken Walibora. Kijana wa hapa hapa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu amefariki, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba. Nililia, na sisemi wapi.

*Vuta n'kuvute* cha Adam Shafi. Hiki ndicho kipenzi changu, nakiri kabisa. Yasmin ana miaka 15 anaozwa Bwana Raza wa miaka 52, Unguja wakati wa Mwingereza. Anakimbia. Yanayofuata huko mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, ni muziki, siasa na mapenzi. Nakiogopea unene, na kuna kurasa ambazo sijui shangazi atasema nini akizifungua.

*Peponi*, yaani *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, alivyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12, anachukuliwa na "ami" Aziz, kumbe yeye ndiye malipo ya deni la baba yake. Kwa umri ndiye anayemkaribia dogo zaidi. Lakini mwendo wake ni wa msafara wa wapagazi, haukimbii.

Mngekuwa nyie mngempa kipi?

BintiNg'ambo
Marahaba mwanangu. Bwana Msa, wala usiumize kichwa. Sisi skuli tulikuwa tunamgombania. Watu wanasahau kwamba kitabu kile kilishinda shindano la uandishi kabla hata hakijachapwa, na ndicho kilichowaonyesha Waswahili kwamba hadithi ya upelelezi inaweza kuzungumza kama sisi tunavyozungumza barazani. Nusu ya utamu wake ni maneno ya watu, si mauaji.

Fundi_Saa
Hapo hapo ndipo tatizo, dada. Mimi ni wa bara, Kiswahili cha Unguja kilinipiga chenga kurasa thelathini za mwanzo. Nilivumilia kwa sababu napenda upelelezi. Dogo asiyependa kusoma hatavumilia kurasa thelathini, hata kumi hatafika.

BintiNg'ambo
Dogo anakuja Tanga, hendi Sumbawanga. Asilolielewa atamuuliza bibi wa jirani.

Mla_Kurasa
Kwao ni Korogwe 😂 ataelewa.

Mzalendo_wa_Kitale
Habari za Tanga. Nazungumza kutoka upande wa Kenya. *Siku Njema* tulikisoma kwa zamu darasa zima hadi jalada likang'oka, na hakuna aliyekuwa ametuagiza. Kuna wanafunzi walianza kuandika insha kwa mtindo wa Kongowea Mswahili, yule kijana msimulizi, methali kila sentensi, mwalimu akachoka. Marehemu Walibora alikuwa mtangazaji pia, na ukikisoma kwa sauti utalisikia hilo: sentensi zake zimekaa mdomoni. Wewe umesema dogo anapenda kusimuliwa. Msomee sura ya kwanza kwa sauti, halafu ufunge kitabu uende kulala.

Mla_Kurasa
Hilo la kufunga kitabu nimelipenda mno.

Gamba_Junior
Mbona hakuna aliyemtaja jasusi Willy Gamba? *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba. Risasi, majasusi, wapigania uhuru, hakuna maelezo ya mawingu. Kijana wa miaka 14 mpe Musiba, kesho yake anakuuliza *Njama*, kingine cha Gamba, kiko wapi.

Kobe_wa_Maktaba
Na baa, na warembo wa hotelini, umevisahau? Ampe akifika kidato cha nne.

Gamba_Junior
Nilikisoma nikiwa na miaka 12 chini ya dawati, nipo hapa na akili zangu.

Kobe_wa_Maktaba
Tunaziona.

Mla_Kurasa, mwanangu, nimefanya kazi za maktaba miaka mingi, nikuambie nilichokiona. Mtoto asiyesoma huwa hakatai hadithi, anakatishwa tamaa na upana wa kitabu kikiwa kimesimama kwenye rafu. Ndiyo maana walioniambia "sipendi vitabu" nilikuwa nawapa *Shamba la Wanyama*, yaani *Animal Farm* ya George Orwell, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Chembamba, wanyama wanapindua, halafu nguruwe wanageuka. Hahitaji kujua chochote kuhusu mapinduzi ya Urusi yanayofumbwa humo ili akasirikie nguruwe. Na ladha ya kumaliza kitabu kwa mara ya kwanza ni kitu kingine kabisa, wengi walirudi bila kuitwa.

*Peponi* nakipenda kuliko vyote ulivyovitaja, na ningemficha kwa sasa. Yusuf kuwa na miaka 12 hakukifanyi kiwe kitabu cha watoto. Yale ya safari ya bara, na Wajerumani wanaokaribia pembeni mwa hadithi bila kelele, anayaonja mtu aliyekwisha kujifunza kusubiri. Kila mara nikimwona mzazi ananunua kitabu kwa sababu mwandishi wake alipata Nobeli mwaka 2021, najua kitaishia kabatini karibu na vikombe vya wageni.

Ami_wa_Muscat
Salaam nyote. Mimi naunga mkono Adam Shafi. Nimezaliwa Unguja, naishi Oman miaka mingi, na *Vuta n'kuvute* ndicho kitabu kilichonirudishia vichochoro vya utotoni. Lakini binti, sikiliza: hicho ni kitabu chako wewe. Unakipigia debe kwa sababu ya Yasmin. Kijana wa miaka 14 atamwona Yasmin kama dada wa mtu mwingine. Subiri, au muonyeshe kwanza filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 akivutika.

Mla_Kurasa
Ami, umenishika pabaya. Kweli ningempa ili nipate mtu wa kumzungumzia Denge, mpenzi wa Yasmin.

Fundi_Saa
Sasa kama ni kusoma kwa sauti na kufunga, mimi narudi nyuma kwenye nilichosema. *Siku Njema* ukikifunga, msikilizaji anabaki na huzuni, anaweza kulala nayo. Cha upelelezi ukikifunga anabaki na swali. Swali halilali. Na zile kurasa thelathini zilizonishinda, atakayezisoma ni dada mtu, si yeye. Nabadilisha kura: Bwana Msa.

BintiNg'ambo
Alhamdulillah, wa bara kaongoka.

Mzalendo_wa_Kitale
Huzuni nayo hailali, ndugu yangu. Ila hoja nimeiona.

Kobe_wa_Maktaba
Basi fanya hivi. Usimalizie hela yote leo. Nenda maktaba ya mkoa hapo mjini, uliza kama wana *Shamba la Wanyama* au *Siku Njema* uazime. Hela ya shangazi nunua Bwana Msa. Kikimkolea, kuna *Kisima cha Giningi*, kuna *Siri ya Sifuri*, kuna *Mwana wa Yungi Hulewa*. Hutakosa cha kumpa mpaka Pasaka.

Mla_Kurasa
Nimenunua *Mzimu*. Asanteni sana, nitaleta mrejesho.

Mla_Kurasa (siku tisa baadaye)
Mrejesho. Usiku wa kwanza nilimsomea, nikafunga, akasema "sawa tu" akageukia ukutani. Nikajua nimeshindwa. Usiku wa pili vivyo hivyo. Wa tatu umeme ukakatika, sikusoma kabisa, nikalala mapema. Asubuhi sikukiona kitabu mezani. Nimezunguka nyumba nzima, kumbe yupo juu ya mti wa mwembe nyuma ya jiko, hata chai hajanywa.

Nikamwita ashuke. Jibu lake: "Wewe ukitaka kuongea, ongea, lakini usiniambie nani kaua."

BintiNg'ambo
😂😂😂 Mpelekee chai huko huko juu.

Gamba_Junior
Akishuka mwambie kaka yake Gamba anamsubiri.