Kutoka utekwani kunatosha kuwa rais?

Swali (Goma): Wandugu, mtu aliyeponea mikononi mwa watekaji, tumpe kura ya urais kwa hilo tu?

Jibu: Katiba yetu ya Kongo (DRC), kifungu cha 72, yataka mambo manne: uraia wa asili, miaka 30, haki kamili za kiraia na kisiasa, na kutozuiwa na sheria ya uchaguzi. Mateso hayamo.

Jibu (Bukavu): Ila yaonyesha tabia. McCain, mwanasiasa wa Marekani aliyekuwa mateka wa vita huko Vietnam 1967–1973, alikataa kuachiliwa mpaka waliokamatwa kabla yake watangulie. Kusoma bajeti ni kazi nyingine, ndugu! Hiyo aliifanyia bungeni tangu 1983, na 2008 bado Obama akamshinda.

Jibu: Na Mandela? Miaka 27 gerezani, lakini mazungumzo na serikali aliyaanza akiwa bado kifungoni.