Dashibodi ya kidijiti ya Corvette 1986 imefifia, mchana sioni mwendo

Usukani86
Wakuu, habari zenu. Nina Corvette ya 1986, ile ya dashibodi ya kidijiti: mwendo unapanda kwa mistari upande wa kushoto, mizunguko ya injini upande wa kulia. Injini safi, gia safi. Kinachoninyima raha ni hiyo dashibodi. Usiku naisoma kwa taabu, na mchana jua likiwa kali nakisia mwendo kwa mlio wa injini. Tarakimu zote zipo na zinabadilika inavyotakiwa, ila ni hafifu. Kulia kuna giza kuliko kushoto, na pale chini kuna doa la kahawia. Taa za nje niziwashe au nizizime, hali ni ileile, na kitufe cha kuongeza mwanga nimekizungusha mpaka mwisho.

Fundi mmoja kaniambia kioo kimekufa, nitafute dashibodi nzima nyingine. Mwingine anasema niweke LED kali tu, yaishe. Nalipenda gari hili na sitaki kulivuruga. Nianzie wapi?

Piston_Nane
Mkuu, kabla hujafungua chochote: unaendesha na miwani ya jua? Miwani yenye polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) huzima vioo vya LCD, yaani vioo vya tarakimu kama hicho chako. Inamisha kichwa kuelekea bega. Mwanga ukibadilika, tatizo unalo puani.

Usukani86
Sivai miwani, mkuu. Nimeinamisha kichwa, hakuna mabadiliko.

Fundi wa Geji
Ndugu yangu, usinunue kitu bado. Kazi yangu ni kufungua dashibodi za aina hii, na inaniuma kuona watu wanatupa kioo kizima.

LCD haiwaki yenyewe. Ni kama pazia: inaziba mwanga au inaupisha, basi. Mwanga unatoka kwenye balbu zilizo nyuma yake. Kama tarakimu zako zote zipo na zinabadilika, kioo kinatimiza wajibu wake, na mwanga unapotelea huko nyuma. Kumwambia mtu kioo kimekufa bila kushika mita ya volti ni kumtia hasara.

Anza na umeme. Balbu ya waya ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: volti ikishuka kidogo, mwanga unaporomoka. Ukipoteza volti 1 kati ya 12, karibu robo ya mwanga imekwenda. Washa injini, zima taa za nje, fungua mwanga wa dashibodi mpaka mwisho. Pima betri, ikichajiwa vizuri utaona kati ya 13.5 na 14.5. Kisha pima kwenye soketi ya balbu, na balbu iwe inawaka. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, maana waya mbovu ukiupima bila mzigo, yaani balbu ikiwa haiwaki, unaonyesha volti zote. Kitufe cha mwanga nacho kiwe mwisho kweli, kwa sababu vidhibiti vingi vya mwanga hukatakata umeme upesi upesi na mita inakupa wastani usiofaa kitu.

Ukikuta pengo kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye ethi ya soketi (upande unaorudisha umeme kwenye hasi) na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikionyesha volti 1 au zaidi, umemkamata mwizi. Na kwa Corvette ethi ndiyo ninayoishuku kwanza. Bodi ya gari hili ni ya fibaglasi, haipitishi umeme, kwa hiyo kila kifaa lazima kirudishe umeme kwa waya mpaka kwenye chuma. Pale kwenye maungio kutu hupenda kukaa.

Baadaye chomoa hasi ya betri, shusha usukani, toa dashibodi. Gari lako halina mfuko wa hewa kwenye usukani, ule ulikuja 1990, kwa hiyo hilo lisikutie hofu. Gusa chuma kabla ya kugusa sakiti ili umeme tuli uliomo mwilini utoke. Tazama balbu: kioo cha balbu kikiwa cheusi, itoe hata kama inawaka. Weka yenye wati zilezile, tafadhali. Balbu yenye wati nyingi zaidi inapika karatasi ya polaraiza iliyobandikwa kwenye LCD, na doa lako la kahawia nadhani lilianza kwa joto hilohilo.

LED siipingi, haina joto kubwa. Ila chagua nyeupe yenye umanjano. Dashibodi hizi zina vichujio vya rangi, na mwanga wa kibuluu una wekundu mchache, hivyo mistari myekundu itazidi kufifia. Halafu LED ina chanya na hasi. Isipowaka, igeuze kabla hujailaumu.

Usukani86
Fundi, Mungu akubariki. Betri 13.9, soketi ya kulia 11.6! Ethi ilikuwa na ukungu wa kijani mpaka ndani ya kiungio cha waya. Nimeisugua, nimebana upya, sasa soketi inasoma 13.5. Balbu za kulia zilikuwa nyeusi, nimebadilisha zote. Leo mchana nimesoma mwendo bila kukunja uso. Limebaki doa tu.

Fundi wa Geji
Kutoka 11.6 mpaka 13.5 umerudisha mwanga mwingi sana. Pale mwanzo ulikuwa umepoteza karibu asilimia 40.

Doa lithibitishe hivi: toa balbu iliyo nyuma yake, dashibodi ikiwa imeunganishwa, umulike tochi kwenye tundu. Kahawia ikibaki, ni polaraiza, na hiyo inabadilishwa bila kugusa LCD yenyewe. Bandua ya zamani polepole kuanzia kwenye kona, usikwangue kwa chuma. Gundi iliyobaki ilainishe kwa spiriti kwenye kitambaa, usimwagie kioo, isije ikaingia kwenye maungio ya pembeni.

Karatasi mpya ikate kubwa kuliko kioo. Washa dashibodi, ishike juu ya kioo bila kubandika, uizungushe taratibu. Kuna pembe ambapo tarakimu zinang'aa na nyuma kunakuwa kweusi kabisa; ukizidisha nyuzi 90 mambo yanageuka, tarakimu nyeusi kwenye mwanga. Ukiipata ile ya kwanza, weka alama kwa kalamu kwenye plastiki ya pembeni, kata kwa kipimo, ndipo uondoe ngozi inayofunika gundi na kubandika.