Gredi ya 9 karibu wote wameandika STEM. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Eastlands: Walimu, darasa langu lina wanafunzi 52. Nimewauliza mkondo wa masomo wanaoutaka sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12): STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Karibu wote STEM. Ukidadisi sababu, ni "baba amesema". Wachache wananyamaza tu. Kipindi ni dakika 40.

Chaki Nyeupe: Hao ni wa aina mbili, usiwatibu kwa dawa moja. Mwanasaikolojia James Marcia, mwaka 1966, alipima vijana kwa mambo mawili: amechunguza? ameshika msimamo? Wa "baba amesema" ameshika bila kuchunguza. Anayenyamaza hajafanya lolote kati ya hayo. Yule wa leo rubani kesho msusi, tunayemwita msumbufu, ndiye anayechunguza. Mwache.

Gawa nusu karatasi, dakika 10: wiki hii umefanya nini bila kusukumwa? Nani aliuchagua mkondo wako? Ungechagua upi kama hakuna mtu angejua? Ukiyasoma mbele ya darasa umeharibu; kuanzia hapo watakuandikia unachotaka kusikia. Waambie mapema pia kwamba anayeandika kuhusu kuumizwa, utampeleka kwa mshauri nasaha.

Mama Gredi: Halafu wape vitu vya kushika, wiki tatu, kila wiki mkondo mmoja. Wapime tangi la maji la shule na kukokotoa ujazo. Wamsaidie mama mboga kupiga hesabu ya faida ya siku. Waigize mchezo wa dakika mbili. Ukisifu, taja kitendo: "umepima mara mbili kabla ya kuandika". Ukisema "wewe ni kichwa", ataogopa kujaribu asichokijua.

Karani: Na wakiandika au kuongea Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, msiiadhibu, wala mwalimu asiizungumze ili apendwe, wanamcheka. Ombi lile lile walitamke mara tatu. Kwa rafiki: "Buda, nishikie mbao ya mat." Kwa shosho: "Naomba ishirini ya matatu." Kwa mwalimu mkuu: "Naomba unikopeshe shilingi 20 za nauli." Kisha waseme wenyewe kilichobadilika, na kwa nini.

Mwalimu wa Eastlands: Asanteni. Na baba je?

Mama Gredi: Usimwite kabla ya kuwa na kazi za mtoto mezani. Weka zote tatu, mwache mtoto aeleze ipi ilimfanya asahau kengele. Mweleze mzazi pia kwamba Sanaa na Michezo ni mkondo kamili kama ile miwili mingine. Wengi hudhani ni kucheza mpira tu. Asipokubali siku hiyo, panga siku nyingine. Usibishane naye mbele ya mtoto.